Kuaga Kazi Kabla Haijaisha

  

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo moja linalowapata watu wengi wenye kazi za mikono, wala halisemwi sana barazani kwa sababu lina haya ndani yake. Jambo lenyewe ni hili. Mtu amepatana na mwenzake kumfanyia kazi kwa ujira fulani. Amekwisha pokea arubuni, na kazi imekwisha anza. Mara nyumbani kwake huzuka jambo zito, ugonjwa au msiba au mtoto wa kuuguzwa, akaona ya kuwa hawezi kuendelea. Afanyeje? Aondoke kimya? Abaki, na huku moyo wake hauko kazini? Au iko njia ya tatu?

Kwanza yafaa tufahamu ni watu gani ninaowanena. Yuko mtu aliyeajiriwa, mwenye mshahara wa mwezi, saa zake za kazi na mkubwa wake. Huyo ana sheria yake. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yasema kwamba mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, akiisha pita mwezi wake wa kwanza kazini, atatoa taarifa ya siku zisizopungua 28 kabla ya kuacha. Akitimiza siku hizo, amekwenda zake kwa haki. Lakini leo sisemi habari zake. Namsema fundi wa mapatano: mwashi, seremala, fundi cherehani, mwandika vibao vya maduka, mpiga picha wa arusi, mfasiri wa maandishi, na siku hizi hata kijana aketiye mbele ya kompyuta akimfanyia kazi mtu aliye ng'ambo asiyepata kumwona uso. Mtu huyu hana bwana, ana mteja. Hana siku 28 alizowekewa na sheria ya ajira. Ana neno lake, na karatasi aliyotia sahihi, kama alikuwa na akili ya kuiandika.

Mimi mwenyewe ni seremala, na jambo hili limenipata mara mbili katika maisha yangu. Mara ya kwanza nililifanya vibaya, na mara ya pili nililifanya vema kidogo. Nitawaeleza zote mbili, maana kosa la mtu likisemwa wazi huwa ni shule kwa wengine.

Nalikuwa kijana, nimetoka juzi tu katika mafunzo ya mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika randa na patasi. Mfanyi biashara mmoja wa Pangani alikuwa akijenga nyumba, akataka milango sita na madirisha manane. Hakunijua. Akasema, "Nitampa kijana huyu kazi ikiwa mjomba wake atamdhamini." Mjomba akakubali, akatia sahihi yake chini ya yangu. Nikapokea theluthi ya fedha. Nusu yake nikanunua mbao, na nusu ya pili nikanunua msumeno mpya, keekee na viatu. Viatu havikuwa katika mapatano, lakini ujana ni ujana.

Nalikuwa nimemaliza milango miwili, alipokuja mtu usiku kutoka kwetu Handeni na habari kwamba baba amefariki dunia. Sasa sikilizeni nilivyofikiri. Nilifikiri, nikimwendea mwenye nyumba usiku huu nikamwambia nakwenda zangu, ataniuliza arubuni yake, nami sinayo. Basi nikafunga zana zangu katika gunia, nikaondoka kabla ya alfajiri. Sikumwambia mwenye nyumba. Sikumwambia mjomba. Nilimzika baba, nikakaa matanga, kisha nikakaa hata arobaini. Tena baada ya arobaini nikakaa vivi hivi, maana kila siku niliyochelewa iliifanya aibu ya kurudi kuwa kubwa zaidi.

Niliporudi, mwezi wa tatu, nilikwenda kwanza kwa mjomba. Nikamwambia, "Shikamoo, Mjomba." Akaitikia, "Marahaba," akaniambia niketi. Shangazi, mkewe, akaleta chai ya mkandaa. Nikashangaa, kwa kuwa nyumba ile haikupata kukosa maziwa, nikauliza, "Je, ng'ombe hana maziwa siku hizi?" Hakuna aliyenijibu. Kitambo kidogo mtoto mdogo wa mjomba akasema, "Ng'ombe ameuzwa kulipa fedha za milango yako."

Mjomba hakunigombeza. Alinena maneno machache tu ambayo sijayasahau. Alisema, "Mpwa wangu, kifo cha baba yako si kosa lako. Na kwenda kumzika si kosa, ni wajibu. Mwenye nyumba mwenyewe angalikuja mazishini. Kosa lako ni kwamba ulikubali kutengeneza milango sita, ukashindwa kubisha hodi kwenye mmoja."

Wasikilizaji wangu, nilifanya kazi miaka miwili mpaka nikamnunulia mjomba ng'ombe mwingine. Lakini watoto wale walikuwa wamekwisha kunywa chai ya mkandaa miaka miwili, na hiyo siwezi kuirudisha.

Basi na tuyatazame mambo haya kwa utaratibu. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Twaisema kila siku, lakini hebu tuifikiri. Deni si kifungo. Mwenye deni si mtumwa wa mdai wake. Ana wajibu wa kulipa, na akilipa yu huru. Kadhalika na fundi. Mtu hawezi kumshika fundi kwa nguvu na kumwekea randa mkononi. Mahakama hazina desturi ya kumlazimisha mtu afanye kazi ya mikono yake asiyoitaka. Humwamuru alipe hasara aliyoisababisha, basi.

Haikuwa hivyo siku zote. Wazee wetu wa zamani za ukoloni walijua ukali mwingine. Kenya ilikuwa na sheria ya mabwana na watumishi tangu mwaka 1906, na Tanganyika iliwekewa sheria ya namna hiyo mwaka 1923. Kwa sheria hizo kibarua aliyeacha kazi kabla ya kutimiza mkataba wake aliweza kutozwa faini au kutiwa gerezani, kana kwamba ameiba. Sheria hizo zimekwisha. Leo kuvunja mapatano ya kazi ni madai baina ya watu wawili, wala si jinai. Lakini asidhani mtu kwamba kwa kuwa hakuna gereza hakuna deni. Gereza limeondoka, na deni limebaki palepale.

Je, sheria yetu yasemaje? Tanzania Bara yatumia Sheria ya Mikataba iliyowekwa mwaka 1961, ambayo asili yake ni sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1872. Nitawatajia vifungu vinne tu, na kila kimoja nitakieleza kwa lugha ya barazani.

Kifungu cha 56 kinanena habari ya jambo lisilowezekana. Ikiwa baada ya kupatana limetokea jambo ambalo fundi hakuweza kulizuia, na kwa hilo kazi haiwezekani kabisa, mapatano yamekufa yenyewe. Mathalani, mwimbaji amepatana kuimba usiku fulani, na usiku huo yu kitandani, sauti hana. Lakini angalieni sana: ugumu si kutowezekana. Mama wa fundi akiugua, madawati bado yaweza kutengenezwa. Ila fundi anaona uchungu kuyatengeneza. Moyo waona ni jambo moja, lakini sheria yaona ni mawili. Kwa hiyo mtu asikitegemee kifungu hiki kwa kila shida.

Kifungu cha 62 ndicho bora kwetu. Chasema kwamba watu wawili waliopatana wakikubaliana kuyafuta mapatano yao, au kuyabadili, au kuweka mapya mahali pake, yale ya kwanza hayana haja ya kutimizwa. Maana yake, mlango wa kutokea upo, na ufunguo wake ni maneno ya watu wawili. Fundi peke yake hawezi kuufungua, wala mteja peke yake. Sharti wote wawili washike.

Kifungu cha 73 chasema kwamba aliyevunja mapatano atamlipa mwenzake hasara iliyotokea kwa kawaida ya mambo, ile ambayo kila mtu angaliitazamia. Hatalipa hasara ya mbali. Na aliyevunjiwa naye hana ruhusa ya kukaa akikunja mikono huku hasara ikikua kama mwiba wa nungu. Yapasa atafute njia ya kuipunguza, kwa mfano kumtafuta fundi mwingine.

Kifungu cha 74 kinahusu faini iliyoandikwa katika karatasi. Watu wengine huandika, "Fundi akiacha kazi atalipa shilingi milioni tano." Fundi akiiona hutetemeka. Lakini sheria yasema mahakama itatoa fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kile kilichoandikwa. Yaani kile kiasi ni dari, wala si sakafu.

Ndugu zetu wa Kenya wana njia nyingine kidogo. Tangu mwaka 1961 wao hutumia katika mikataba sheria ya kawaida ya Uingereza. Na katika sheria hiyo yako mashauri ya zamani yafaayo kusimuliwa, maana yatufundisha hatari moja kubwa.

Mwaka 1793 baharia mmoja aliyeitwa Cutter alipatana na nahodha aliyeitwa Powell kufanya kazi katika chombo kilichotoka Jamaica kwenda Liverpool. Mshahara wa kawaida wa kazi yake ulikuwa pauni nne kwa mwezi. Lakini nahodha alimwandikia kwamba atampa gini 30 kwa jumla, ikiwa atafanya kazi yake mpaka Liverpool. Chombo kiling'oa nanga tarehe 2 Agosti. Cutter alifanya kazi siku 49, akafa tarehe 20 Septemba, baharini. Chombo kikafika Liverpool tarehe 9 Oktoba. Mjane wake akaja kudai ujira wa zile siku alizofanya mumewe. Mwaka 1795 mahakama ikaamua kwamba hana haki ya kupata hata senti moja, kwa kuwa mapatano yalikuwa ya safari nzima, na safari nzima haikutimizwa. Siku 19 tu zilibaki.

Na mwaka 1898 palikuwa na shauri la mjenzi aliyepatana kujenga nyumba mbili na mabanda ya farasi kwa pauni 565. Alifanya kazi ya thamani ya pauni 333 hivi, fedha zikamwishia, akaiacha. Mwenye kiwanja akamaliza mwenyewe. Mjenzi alipodai salio la kazi aliyoifanya, alikataliwa. Alipewa tu thamani ya vifaa alivyoviacha, ambavyo mwenye kiwanja alivitumia.

Ni kweli kwamba mwaka 1943 Bunge la Uingereza liliweka sheria ya kupunguza ukali huo, kwa mapatano yanayokatizwa na jambo kama mauti. Lakini funzo limebaki. Mkiandika, "Kazi yote kwa fedha zote," basi aishiaye katikati aweza kukosa yote. Mkiandika, "Kila mlango kwa bei yake, na kila mlango uishapo hulipwa," aishiaye katikati amepata haki ya milango yake. Tofauti ya sentensi hizi mbili ni maneno machache, na maneno hayo huandikwa siku ya kwanza, siku ambayo kila mtu anacheka na hakuna anayewaza msiba.

Sasa nirudi kwenye habari yangu ya pili.

Miaka ilipita, nikawa mtu mzima. Shule moja ya upande wa Muheza ikanipa kazi ya madawati 40, kila dawati kwa shilingi 90,000, mbao zikiwa juu yangu. Jumla ilikuwa shilingi 3,600,000. Nilipokea arubuni ya shilingi 1,200,000. Safari hii karatasi iliandikwa vizuri: bei ya dawati moja, siku ya kumaliza, na maneno haya, kwamba upande mmoja ukipatwa na dharura utampa mwenzake taarifa ya siku kumi na nne. Nilikuwa nimekwisha yapeleka madawati 22, na watoto wamekwisha yakalia, nilipopata habari kwamba mama yangu amepigwa na kiharusi. Upande wake wote wa kuume ulikuwa umekufa. Hakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani ila mimi.

Nilimkumbuka mjomba, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Kabla sijafunga mzigo, nilikwenda kubisha hodi kwa mwalimu mkuu.

Nikasema, "Mwalimu, shikamoo. Nimepatwa na jambo la nyumbani, nami sina budi kwenda. Sijui nitarudi lini, na sitaki kukudanganya kwamba nitarudi wiki ijayo. Nimekuja tuhesabiane."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, watoto waliobaki wanaketi chini. Nitawaambiaje wazazi?"

Swali lile lilikuwa la haki. Mtu aendaye kuaga kazi asitazamie kupokewa kwa vigelegele. Mwenziwe naye ana mzigo wake. Nikamjibu, "Nimeleta majina ya mafundi wawili ninaojua kazi yao. Mmoja yuko tayari kuanza Jumatatu. Vipimo vyote nimeviandika, na mbao nilizokwisha zipasua nitamwachia kwa bei niliyonunulia."

Ndipo tukaketi na kalamu. Madawati 22 kwa shilingi 90,000 ni shilingi 1,980,000. Nimepokea 1,200,000. Shule inadaiwa nami shilingi 780,000. Lakini fundi mpya hakubali chini ya shilingi 100,000 kwa kila dawati, maana anaingia katikati ya kazi. Madawati 18 kwa bei yake ni shilingi 1,800,000, na kwa bei yangu yangalikuwa shilingi 1,620,000. Shule imepata hasara ya shilingi 180,000 kwa sababu yangu. Nikasema, "Hasara hii ni yangu. Nikate." Ningebaki na shilingi 600,000.

Mwalimu akaitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akasema, "Shule haikuumba ugonjwa wa mtu, wala wewe hukuuumba. Na tuigawanye." Basi tukaandika hasara nusu kwa nusu, shilingi 90,000 kila upande, nami nikapokea shilingi 690,000. Tukaandika karatasi mpya, kwamba mapatano ya kwanza yamefutwa kwa ridhaa ya pande zote mbili na hakuna anayemdai mwenziwe. Tukatia sahihi, na mwalimu mmoja akashuhudia. Nakala moja yangu, nakala moja ya shule. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jioni ile ile nilipanda gari kwenda Handeni. Zile siku kumi na nne za taarifa mwalimu alinisamehe, kwa kuwa nilimletea mtu wa kuzijaza.

Huenda mmoja wenu atauliza, "Je, yanipasa kumweleza mteja siri za nyumbani kwangu?" Hapana. Nyumba ina sitara yake. Kuna magonjwa yasiyotajwa, na kuna ugomvi wa mke na mume usiofaa kupelekwa karakana. Yatosha kusema, "Nimepatwa na jambo la nyumbani," na muungwana hataendelea kukuchimba. Walakini kuficha si kusema uwongo. Nalimjua fundi mmoja aliyemzika bibi yake mara tatu katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza alipewa rambirambi, mara ya pili alitazamwa, na mara ya tatu watu walicheka. Bibi yake alipokufa kweli, hakuna mteja aliyemwamini. Ukiwa huna la kusema, sema machache. Lakini hayo machache yawe kweli.

Tena iko sababu nyingine ya nafsi isiyo msiba, nayo watu huona haya kuitaja. Mtu amechoka. Au amekubali kazi tatu kwa wakati mmoja, na hawezi. Au ameona kazi nyingine yenye faida zaidi. Hizi si sawasawa. Aliyechoka mpaka afya yake inaharibika ana haki ya kusema hivyo, na heri aseme mapema kuliko kuharibu kazi ya watu. Lakini aachaye kazi ya mtu kwa kuwa ameahidiwa fedha zaidi kwingine asijifunike kanga ya msiba. Amekwenda kwa tamaa yake. Basi na alipe hasara yote, wala asiombe igawanywe.

Nina neno pia kwa wenye kutoa kazi. Fundi akija kukuaga, kumbuka kwamba angaliweza kutoroka kama nilivyotoroka mimi. Kule kubisha hodi kwake ni heshima amekupa. Ukimtukana na kumnyima haki ya kazi aliyokwisha ifanya, umemfundisha yeye na wenzake kwamba kutoroka ndiyo njia nyepesi. Mlipe alichofanya, ukate hasara ya kweli, usikate hasira. Hasira haina risiti.

Na ninyi wanafunzi, ambao siku moja mtakuwa mafundi au watoa kazi, shikeni mambo haya sita.

La kwanza, andikeni mapatano, hata kama ni karatasi moja ya daftari la shule, na mtaje ndani yake itakuwaje ikiwa mmoja ataondoka mapema.

La pili, gawanyeni malipo kwa sehemu za kazi, wala msiyafunge yote kwenye siku ya mwisho.

La tatu, arubuni ni fedha ya kazi. Msiile kabla ya kuifanyia kazi. Laiti mimi nisingalinunua viatu vile, ningalikuwa na ujasiri wa kubisha hodi usiku ule. Mara nyingi mtu hakimbii kazi. Hukimbia arubuni aliyokwisha itumia.

La nne, jambo likizuka, semeni upesi. Habari mbaya ikisemwa leo ina dawa. Ikisemwa mwezi ujao ina kesi.

La tano, msiende mikono mitupu. Nendeni na hesabu, na vipimo, na jina la mtu awezaye kuishika kazi. Lakini kama kazi yenyewe ilitakiwa mkono wako hasa, kama picha ya mchoraji au sauti ya mwimbaji, usimlete mwingine bila kuulizia. Huenda mteja hamtaki.

La sita, mkikubaliana, andikeni tena. Mapatano yaliyoanza kwa karatasi na yaishe kwa karatasi.

Nimalizie habari yangu, maana najua mtataka kujua mama alikuwaje. Mama hakupona. Aliishi miezi mitano. Katika miezi hiyo mitano nalimgeuza asubuhi na jioni, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamtengenezea kitanda chenye upande wa kuinuka ili apate kuona mlangoni. Alikufa alfajiri moja, na mkono wangu ulikuwa chini ya kichwa chake. Katika miezi ile hakuja mtu hata mmoja kunidai, wala hakuna mtoto aliyekunywa chai ya mkandaa kwa ajili yangu. Nilimwuguza mama yangu kwa moyo mmoja.

Hiyo ndiyo faida ya kuaga, wasikilizaji wangu. Watu hudhani kwamba kuaga ni kwa ajili ya yule anayeachwa. Ni kweli, lakini si yote. Aondokaye kwa siri huchukua kazi ile mgongoni mwake hata msibani, na kila hodi ikigongwa mlangoni hushtuka. Aondokaye kwa wema huiacha kazi mahali pake, akaenda kulia au kuuguza kama mtu huru.

Kwa herini, na Mungu awape usiku mwema.